Kabla Hujagusa Seva ya Shule

Mbinga Mjini,
Novemba 2025

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja, maana upepo wa ziwa ulikuwa unameza maneno yako. Huku kwetu mvua zimeanza kugonga mabati na umeme unakatika unavyotaka wenyewe, kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu, kisha nitaipiga picha barua nikutumie.

Naanza na lile dogo, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Unasema tangu mfungue shule kompyuta nne za pembeni zinakataa masasisho, apt inalalamika kwamba faili la hazina bado halijaanza kutumika, na tovuti nazo zinagoma kufunguka kwa madai kuwa cheti si halali. Umeshawalaumu watu wa mtandao. Waache. Angalia tarehe kwenye kona ya skrini. Nina hakika utakuta mashine hizo zinadhani bado ni siku mliyofunga shule. Betri ndogo ya saa, ile ya duara iliyoandikwa CR2032, imekufa. Mashine ikikosa umeme kabisa inasahau wakati, na Linux ikiwaka inashika tarehe ya mwisho iliyoikumbuka. Mtandao ukipatikana hujirekebisha, lakini wewe unawasha modemu na papo hapo unaamrisha apt. Kwa hesabu zake hilo faili limetengenezwa kesho, na ina haki ya kulikataa. Nenda kwa fundi saa yeyote pale stendi, betri anazo.

Sasa hilo la distro. Vijana uliosoma nao Dar wanakwambia uachane na Ubuntu, uweke Arch, ati ndiyo ya mafundi kweli. Sina ugomvi na Arch. Ni distro safi, na ukitaka kujua Linux ndani nje, iweke kwenye laptopu yako mwenyewe. Lakini shule hufungwa. Arch haina matoleo, inasonga mbele kila siku, na inategemea nawe usonge nayo. Ukizima mashine mwezi mzima wa likizo, ukirudi unakuta rundo la vifurushi vya kupakua na funguo za sahihi zilizopitwa na wakati, pacman anakataa kila kitu mpaka usasishe funguo kwanza. Bando la shule litaisha kabla hujaandika mahudhurio.

Mimi kipimo changu cha distro ni kimoja: wewe ukiwa Songea kliniki, au umehamishwa Tunduru, nani ataifufua hiyo seva? Kila kijana wa TEHAMA niliyekutana naye mkoani hapa alianzia Ubuntu. Ukimpigia simu mmoja aliyeko halmashauri atakuelekeza bila kuiona mashine. Ukimwambia ni Gentoo, atakuombea dua. Mengine yote, sijui ipi nyepesi, ipi ina madirisha mazuri, ni mazungumzo ya kijiweni, na nayapenda sana, ila si ya kuamulia mali ya shule.

Wala jina kubwa la kampuni lisikutie moyo kupita kiasi. Desemba 2020 Red Hat walitangaza kwamba CentOS 8, ambayo watu waliitegemea hadi 2029, itakoma mwisho wa 2021. Mwaka mmoja tu, na dunia nzima ikaanza kuhamisha seva. Hapo ndipo zilipozaliwa Rocky na AlmaLinux. Ndiyo sababu kwa zile kompyuta kuukuu za msaada nakupendekezea Debian, ambayo haina mwenye duka, inaendeshwa na wanaojitolea tangu 1993. Ila angalia: hizo ni za biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti mwaka huu haina tena kisakinishi cha biti 32. Weka 12. Ubuntu waliacha habari ya biti 32 miaka mingi iliyopita, usihangaike kutafuta.

Seva yenyewe iko Ubuntu 20.04, na masasisho yake ya kawaida yamekoma tangu Mei. Kwa hiyo ndiyo, lazima ipande. Haiwezi kuruka moja kwa moja hadi 24.04, itapitia 22.04 kwanza, maana yake ni kazi mbili na si moja. Usiiguse mpaka Kidato cha Nne wamalize mitihani na matokeo ya ndani yawe yamechapishwa. Kabla ya hapo fanya bakapu kwenye diski ya nje, kisha ujaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha mimi siihesabu. Tazama pia kizigeu cha /boot. Naamini kimejaa kerneli za zamani, na kikijaa masasisho hukwama katikati.

Adui wako mkubwa ni umeme. Nyinyi mnaona hali ni mbaya. Sisi tuliowasha seva kabla ya 2018, gridi ya Taifa ilipofika Songea, tulikuwa tunaishi kwa ratiba ya jenereta za dizeli. Lakini hata sasa radi moja ya Desemba inatosha. UPS yako inakupa dakika za kuzima kwa adabu, haikupi saa mbili za kupandisha toleo. Zungumza na mkuu wa shule, jenereta iwe na mafuta siku hiyo. Umeme ukikatika katikati pamoja na hayo yote, usikimbilie kusakinisha upya: dpkg --configure -a, subiri, soma inachosema.

Kwa maabara, weka apt-cacher-ng kwenye seva. Mashine ya kwanza ikipakua kifurushi, zilizobaki zinachukua hapo hapo bila kugusa bando. Na visakinishi viweke kwenye fleshi, ndani ya droo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kuna watu walikaa siku kadhaa wakitazama kisakinishi kikishuka tone kwa tone.

Umeniuliza pia kama kuna Linux ya Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa lugha yetu. Niliifurahia mno. Wanafunzi wako wanaweza kuendeleza tafsiri za namna hiyo, wana Kiswahili kuliko watu wengi wanaotafsiri programu. Tuliongelee ukija.

Jambo la mwisho, nunua daftari gumu. Kila unachobadilisha kiandike kwa mkono: tarehe, amri, sababu. Paswedi ya root iwe kwenye bahasha iliyofungwa, kabati la mkuu wa shule. Halafu chagua wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu, wakae nawe siku ya kupandisha, mmoja wao ndiye aandike amri kwenye kibodi.

Diski ya nje ninayo moja isiyo na kazi. Kesho kutwa nitampa konda wa gari la asubuhi, mpokee stendi. Akirudi mpe usipa wakavu wa baba yako, na umwambie kaka yangu safari hii asiwatie mchanga.

Shangazi yako