Tamthiliya za Kale na Macho ya Mstaafu

Ndugu walimu, kanuni za utumishi wa umma nchini Uganda zamtaka mwalimu astaafu atimizapo umri wa miaka 60. Sisi tumebakiwa na miaka kumi na mitatu tu, na katika chumba cha walimu mazungumzo ya siku hizo yamekwisha anza. Mmoja asema atafuga ng'ombe wa maziwa. Mwingine ana shamba la migomba huko Isingiro. Tuulizwapo sisi, hujibu bila haya kwamba tutatazama televisheni. Wenzetu hucheka. Makala haya ni jawabu letu kwao, maana hakuna aliyecheka ambaye alituuliza tutatazama nini, wala tutatazama na nani.

Tuvipendavyo ni visa vya mambo ya kale: michezo mirefu ya mfululizo ambayo watu wake huvaa mavazi ya mababu, hupanda farasi badala ya motokaa, na hungoja barua zichukuazo miezi kufika. Hapo awali tulivipenda kwa ajili ya mavazi na majumba. Aliyetubadilisha ni mzee mmoja wa Nakivale, na alitubadilisha wakati ambapo yeye mwenyewe hakuweza kuona kitu.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wamo pia Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Huko Kiswahili hakikungoja mitaala. Ndicho kinunuliacho chumvi, na ndicho kipatanishacho majirani wawili ambao mama zao hawakusema lugha moja. Tulipofundisha huko tulikutana na mzee wetu huyo, mwalimu aliyetoka Kivu ya Kusini baada ya kushika chaki kwa miaka thelathini na mmoja. Hakupata barua ya kustaafu, wala hafla ya kuagwa, wala kiinua mgongo. Vita ndivyo vilivyomstaafisha.

Mwaka 2023 macho yake yalizibwa na mtoto wa jicho. Akaja kukaa kwetu Mbarara, majuma mawili akingoja zamu yake ya kupasuliwa jicho moja, na juma moja baada ya hapo. Katika siku zile za kungoja aliona mwanga na vivuli tu. Mchana hakukosa mtu wa kuongea naye. Taabu ilikuwa jioni.

Jioni ya kwanza tulimwekea Downton Abbey, mchezo wa Waingereza ulioonyeshwa tangu mwaka 2010 hadi 2015, ambao huanza na habari za kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912. Ni mchezo mzuri, kwani nusu ya kisa ni ya mabwana na nusu ni ya watumishi wa jikoni, na mtu aliyewahi kutumwa hujiona humo. Lakini umesemwa kwa Kiingereza, nacho Kiingereza cha mzee wetu, mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, ni kichache. Kila baada ya maneno mawili matatu ilitubidi tueleze nani kaingia na nani kakasirika. Baada ya nusu saa mzee alituambia kwa upole, "Mwanangu, zima. Wewe unachoka, nami sioni."

Kesho yake tulikwenda katika duka la filamu mjini, ambalo watu wa Mbarara huliita laibrari ingawa halina kitabu hata kimoja, tukapata sehemu kadhaa za Sultan. Huo ni mchezo wa Waturuki, uitwao kwao Muhteşem Yüzyıl, ulioonyeshwa tangu mwaka 2011 hadi 2014, na humhusu Sultani Suleiman aliyetawala dola ya Uthmaniya kuanzia mwaka 1520 hadi 1566. Televisheni ya Azam ya Tanzania iliutia sauti za Kiswahili. Mzee alipowasikia watu wa Istanbul wakisalimiana kwa lugha yake alijiweka sawa kitini. Usiku wa tatu alikuwa akiwatambua wote kwa sauti, na sisi wenye macho ndio tuliokuwa tukimwuliza yeye nani ni nani.

Katika sehemu za mwanzo za mchezo huo, binti mmoja aitwaye Aleksandra, aliyetekwa kaskazini ya Bahari Nyeusi, aletwa kasrini kama mtumwa. Humo apewa jina jipya, Hürrem, na baadaye awa mke wa Sultani. Tulipofika hapo mzee aliuliza, "Aliitika?"

"Aliitika nini, Mzee?"

"Hilo jina jipya. Walipomwita, aliitika?"

Tukamjibu kwamba aliitika, na kwamba jina hilo ndilo lililobaki katika historia. Mzee akanyamaza mpaka wakati wa kulala.

Tulidhani amependezwa na habari za majina. Kwa hiyo tulimtafutia Roots, mchezo wa Wamarekani wa mwaka 1977, uliotokana na kitabu cha Alex Haley. Nao haukutiwa Kiswahili. Safari hii tulijifunza kutokana na kosa letu la kwanza: tukautazama peke yetu mchana, tukaandika maandalio kama ya somo, ili usiku tuweze kusimulia bila kukwama. Katika sehemu ya pili, Kunta Kinte, kijana aliyetekwa Gambia na kuuzwa Marekani, apigwa mijeledi mbele ya watumwa wenzake hadi akubali kwamba jina lake ni Toby. Tulisimulia hilo kwa sauti ya chini. Mzee akasema, "Inatosha."

Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote tuliyojuana, alitueleza jinsi alivyoingia nchi hii. "Nilipofika, aliyeandika jina langu alibadili herufi moja. Kwetu jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa safarini. Kama alivyoliandika yeye, halina maana, si jina la mtu. Nilikuwa nimechoka, na nyuma yangu walikuwapo watu wengi, na watoto wanalia. Niliitwa, nikaitika. Naitika mpaka leo. Huyu kijana aliitika kwa mijeledi. Mimi hakunipiga mtu."

Hatukuwa na la kusema. Wiki hiyohiyo sisi wenyewe tulikuwa tumemjazia fomu ya hospitali, tukanakili jina kutoka katika kadi yake, pamoja na kosa lake. Huko Nakivale kila mtu humwita Mwalimu, nasi tulijificha ndani ya heshima hiyo, tusiwahi kumwuliza jina lake ni lipi na lina maana gani. Kwa mwalimu wa lugha, ambaye kazi yake ni herufi, hilo lilikuwa jambo la aibu.

Asubuhi tulitaka kuandika barua mara moja ya kuomba jina lisahihishwe. Mzee alikataa. Alisema angeiandika kwa mkono wake atakapoona, na kama hataona, basi asingeiandika. Siku zilizobaki kabla ya kupasuliwa zilikuwa ndefu kwetu kuliko kwake. Daktari alipomfungua jicho, mzee alitazama dirisha, akatutazama sisi, akasema tumenenepa. Tulipofika nyumbani aliomba kalamu, akaandika jina lake nyuma ya daftari letu la mahudhurio, kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Barua iliandikwa jioni ile, kurasa mbili, bila kosa. Imekwisha pelekwa, na hadi tuandikapo haya jibu halijafika.

Tangu hapo tumeacha kuzipima tamthiliya za kale kwa mavazi yake. Twazipima kwa yale yasemwayo chumbani baada ya kuzizima. Kwa kipimo hicho, michezo mingine yenye sifa kubwa hupungua. Shaka Zulu, uliotolewa mwaka 1986 na shirika la utangazaji la Afrika Kusini wakati wa utawala wa ubaguzi, una Henry Cele ambaye hasahauliki katika nafasi ya Shaka. Lakini sehemu kubwa ya kisa huletwa kwetu kwa macho ya wageni Waingereza waliokwenda kumtembelea. The Flame Trees of Thika wa mwaka 1981, uliotokana na kumbukumbu za Elspeth Huxley, waonyesha Kenya ya walowezi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na nchi yenyewe yapendeza mno. Hata hivyo Mwafrika atazamaye hujikuta akiwatafuta watu wake nyuma ya masanduku na mizigo. Hatusemi michezo hiyo isitazamwe. Twasema itazamwe pamoja na mzee, naye aulizwe, "Kwenu siku hizo ilikuwaje?"

Tena mstaafu asisahau kwamba mchezo si hati ya historia. Wataalamu walipinga sehemu za ukoo ambao Haley alidai kuufuatilia hadi Gambia, na mwaka 2012 kiongozi wa serikali ya Uturuki, Erdoğan, aliulaumu hadharani mchezo wa Sultani Suleiman kwa jinsi ulivyomwonyesha mfalme huyo. Mwalimu mstaafu ana muda wa kusoma kando ya kutazama, na kubishana kwake na televisheni ni sehemu ya starehe yenyewe.

Lakini kuna jambo la lugha ambalo latuhusu zaidi sisi wanachama. Mzee wetu hakuweza kutazama ila mchezo uliosema Kiswahili. Wako wengi kama yeye, wenye macho mazima, ambao mbele ya Kiingereza ni vipofu. Katika vibanda vya video vya Uganda jambo hilo lajulikana siku nyingi: yuko mfasiri, aitwaye vijei, ambaye husimulia filamu kwa Kiganda huku ikiendelea. Tanzania ilikuwa naye Lufufu, aliyefanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twafurahi, lakini darasa peke yake halitoshi. Lugha huingia nyumbani kwa mlango wa hadithi, na jioni ndiyo saa ya hadithi.

Mzee aliporudi Nakivale alikwenda na maandalio yetu ya Roots mfukoni. Miezi miwili baadaye tulipokea habari kwamba katika kibanda kimoja cha Base Camp, kiendeshwacho kwa umeme wa jua, mzee mmoja mwenye miwani huwasimulia watu mchezo wa Marekani kwa Kiswahili kila Jumamosi. Tulipanda taksi tukaenda kujionea. Vijana walijaa mpaka nje, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda pamoja. Mzee alisimama kando ya kioo na kijiti mkononi, kama mbele ya ubao. Ilipofika pale pa mijeledi hakusimulia. Aliuzima mtambo, akamwuliza kila mmoja wa safu ya kwanza ataje jina lake kamili na maana yake. Zoezi hilo lilichukua saa nzima, na hakuna aliyedai fedha zake.

Basi, ndugu walimu, hiyo ndiyo kazi tutakayoifanya tukistaafu, na mwenye kupenda na atufuate kibandani. Kabla hatujaondoka tulimwuliza mzee tumletee mchezo gani baada ya huo. Akasema amesikia kwamba riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, nayo yaonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950, na watu wake wasema Kiswahili wenyewe. Tuitafute popote ilipo. Hiyo, alisema, angependa kuitazama akiwa amekaa.