Jina Ambalo Halikuandikwa

Kutoka Feri hadi Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yapo. Jina la mtu, hata moja, hakuna.

Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Aliondoka Morogoro na mzigo kichwani, hakurudi. Kariakoo tunakokwenda kununua vitenge imebeba jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Yeye sikumwona popote: si Nyaraka za Taifa pale Upanga, si kwenye orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kuwa Waafrika wengi waliofia vita vile hawakuandikwa majina, ikaomba radhi. Sawa, lakini radhi haina kaburi.

Aliyenifungua macho ni shangazi, kwenye kundi letu la WhatsApp. "Mwanangu, makaratasi ya nini? Kaka yako anaitwa nani?"

Kumbe jina ni la mpagazi. Kila kizazi kimempa mtoto mmoja.

Sasa naandika nani alirithi jina kwa nani, na wapi. Wazee wanaojua wamebaki wawili. Kama na kwenu kuna jina linalojirudia, uliza leo lilianza na nani.