Orodha ya Wapiga Kelele

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa ametoka katika mazoezi ya kufundisha, alinitembelea nyumbani Kilakala akaniuliza swali ambalo nimelikwepa kwa miaka mingi: “Mwalimu, darasa langu lina watoto tisini na wanne. Ukiniondolea fimbo, unanipa nini?” Nilimjibu kwa maneno ya vitabuni: mtuze anayefanya vema, na anayekosea aone matokeo ya kosa lake. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda zake. Nilijua hakuridhika. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi chini ya milima ya Uluguru. Siitaji jina, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilikuwa langu. Nilipewa darasa la tano. Watoto walibanana wanne wanne katika madawati ya watu watatu, na kelele zao zilimfikia Mwalimu Mkuu ofisini. Nikafanya kama walivyofanya walimu walionifundisha mimi: nikamkabidhi kiranja karatasi, nikamwagiza aandike majina ya wapiga kelele kila nitokapo. Ijumaa, kipindi cha mwisho, orodha ilisomwa, na kila jina lilikuwa na fimbo zake.

Kwa kuwa nilijiona mwalimu wa kisasa, niliongeza zawadi. Mtoto ambaye jina lake halikuonekana kwa mwezi mzima alipata daftari na kalamu, vitu nilivyovinunua kwa mshahara wangu. Kiranja naye alipata daftari kwa kazi nzuri. Darasa likatulia. Mwalimu Mkuu alinisifu katika kikao cha walimu, nami nikaamini kwamba sasa najua kufundisha.

Muhula ulipokaribia kwisha, niliketi na daftari la mahudhurio pamoja na orodha zote za kiranja, nikitafuta wa kumpa zawadi. Jina la mvulana mmoja lilikuwamo karibu katika kila orodha. Jumatano moja aliandikwa kwamba amepiga kelele. Nikatazama mahudhurio ya siku hiyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: hakuwapo shuleni. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa. Mara tatu katika muhula mmoja nilikuwa nimemchapa mtoto huyo kwa kelele za siku ambazo hakukanyaga darasani.

Nilimwita kiranja. Hakukana. Jina lilifutwa kwa karanga za shilingi hamsini, au kwa kipande cha muhogo wakati wa mapumziko. Tena, orodha ikiwa fupi nilimshuku kwamba anawaficha rafiki zake, hivyo ilimbidi ajaze nafasi. Na yule mvulana hakuwa na hela ya karanga. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amefungua ofisi kamili, yenye huduma zake na rushwa yake, na mtaji nilimpa mimi. Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa kazi niliyomtuma.

Kisha nilimwuliza yule mvulana kwa nini hakusema kwamba siku hizo hakuwapo. Alitazama chini akajibu: “Mwalimu, hukuniuliza.”

Sheria ilikuwa upande wake, nami sikuwa nimeisoma. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mimi sikuwa na idhini wala kitabu. Juu ya kanuni hizo ipo Katiba, ambayo katika ibara ya 13(6) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na inakataza adhabu za kumtweza. Wenzetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Sisi tungali tunabishana kuhusu fimbo ngapi zinatosha, na katika ubishi huo hatuulizi kama mtoto amesikilizwa.

Milima iliyo juu ya Kilakala ina historia ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Lengo halikuwa baya, na asiyechimba alitozwa faini. Wakulima walikuwa na hoja: uchimbaji ule ulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo usiofaa. Hawakusikilizwa. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, upande wa mashariki wa milima, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba radhi yule mvulana mbele ya darasa zima, nikaichana orodha. Tulitunga pamoja sheria nne. Aliyevunja sheria alieleza kwanza upande wake, na matokeo yakafuata kosa: aliyevuruga usomaji alibaki nami mapumziko akamaliza kusoma, aliyevunja dawati alimsaidia fundi kulitengeneza. Zawadi za madaftari nilizikomesha. Badala yake nilijifunza kumwambia mtoto hasa alichofanya vema: leo umemsubiri mwenzako amalize kujibu.

Sitadanganya: kelele zilirudi. Mwalimu Mkuu hakunisifu tena, na ziko siku nilizoitamani fimbo. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla sijaweza kutoka darasani bila hofu. Yule mvulana aliendelea kukaa dawati la nyuma. Hadi alipomaliza darasa la saba, sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono katika somo langu.

Ninyi mlio maofisini mnaijua orodha ile kwa majina mengine. Barua ya onyo hufika kabla ya swali. Mei Mosi mfanyakazi hodari huitwa jukwaani, na wenzake hutazamana kwa kuwa hakuna aliyewahi kuambiwa kipimo. Tunashangaa kwamba watu hujituma mkubwa akiwapo na hulegea akiondoka, ilhali ndivyo tulivyowalea tangu darasa la tano.

Basi, kijana wangu, ukiondolewa fimbo unapewa nini? Nakupa daftari la mahudhurio, ulisome kabla hujahukumu, na swali moja: “Ilikuwaje?” Ni kidogo mbele ya watoto tisini na wanne, na serikali ingali inakudai ustahimili wakati inakudaiwa madarasa na walimu wenzako, hilo tulidai pamoja. Ila kusikiliza hakungoji bajeti. Nimemtumia ujumbe aje kabla hajarudi mazoezini, nimsimulie haya, naye anieleze darasa lake lilivyo.