Kubadilishana wachezaji katikati ya msimu: faida iko wapi?

Wamama wenzetu, wengi wetu tunamjua Dikembe Mutombo kwa ajili ya hospitali kubwa ya Kinshasa aliyoipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Juma hili tunamtaja kwa ajili ya mpira wa basketi, maana kuna jambo la timu ya wasichana wetu ambalo habari yake inaweza kutusaidia kulipima.

Februari 2001, msimu ukiwa umepita nusu, timu yake ya Atlanta ilimtoa kwa Philadelphia, ikapewa wachezaji wanne. Mmoja wao alikuwa Theo Ratliff, mrefu wa Philadelphia aliyekuwa akilinda kikapu, lakini alikuwa ameumia mkono.

Philadelphia ikafika fainali. Basi watu husema: mnaona, Mutombo aliwapeleka! Lakini kabla hajakanyaga pale, timu ile ilikuwa tayari inaongoza upande wa Mashariki, na Allen Iverson, mchezaji bora wa mwaka ule, alikuwa wao tangu zamani. Ushindi wote wa 56 katika mechi 82 hatuwezi kumwandikia Mutombo. Ni kama kumpokea mama mpya kwenye kikundi mahindi yakiwa yamekwisha kubeba, halafu magunia yote tumhesabie yeye.

Faida ilikuwepo, ila mahali pamoja. Palikuwa na pengo chini ya kikapu, naye akaliziba. Mechi ya saba na Milwaukee, ile ya kuamua nani aende fainali, alifunga pointi 23 na kudaka mipira 19 iliyorudi. Kwenye fainali wakakutana na Shaquille O'Neal wa Los Angeles. Wakashinda mechi ya kwanza, kisha wakafungwa nne mfululizo. Mwaka 2002 Philadelphia nayo ikamtoa kwenda New Jersey.

Sasa ya kwetu. Mwalimu wa timu anataka msichana mrefu wa timu moja ya Uvira, na badala yake atoe yule wetu mdogo anayeupandisha mpira, michezo ikiwa bado inaendelea. Urefu ni kitu kizuri, hatukatai. Lakini wamama tuliokuwa uwanjani tuliona: mara tatu tulizofungwa, mpira ulipotea kabla haujavuka katikati. Pengo letu liko pale, na anayetolewa ndiye pekee anayejaribu kuliziba. Huyo mrefu atasimama chini ya kikapu akingoja mpira ambao haufiki.

Tena Mutombo alikuwa mtu mzima anayelipwa. Huyu ana miaka 15 na yuko masomoni. Mazoezi ya Uvira yakiisha jioni, nani atalipa pikipiki ya kumrudisha Runingu? Akilala kule, atalala kwa nani? Mama yake alisikia habari hii kwa jirani, sokoni.

Tumemwomba mwalimu aje Jumamosi baada ya kikao cha likelemba, atueleze anaziba pengo gani. Mama wa msichana atakuwepo, naye atasema wa kwanza. Wenye watoto wengine katika timu, mje pia.