Mgumu wa Kilimanjaro, Ratiba ya Siku Sita na Mizani ya Sokoni

Pale Moshi, mitaa ya Pasua, kuna mwamba mmoja wa miaka 26. Jina linahifadhiwa, maana bado anatafuta kazi kwa watu walewale. Kazi yake ni mgumu. Kwa wasio wa Kaskazini, mgumu ndiye mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, yule anayekupita njiani na mzigo kichwani wakati wewe unatafuta pumzi, na bado anakusalimia. Jamaa anabeba tangu alipomaliza kidato cha nne. Nguvu anazo. Kilichomtesa ni ratiba.

Mwezi wa nne masika yakishika, wageni wanapungua na wagumu wengi wanarudi kitaa. Kuna wanaopanda kwao Uru na Kibosho kushika jembe, kuna wanaokodi bodaboda. Yeye aliingia kwenye chuma. Usiku mmoja akiwa na bando lake akakutana na jamaa wa Marekani, shingo kama gogo, anagawa ratiba ya pawalifti bure: siku sita kwa wiki, Jumapili unapumzika.

Pawalifti siyo ile ya kujipaka mafuta na kukaza kifua mbele ya kioo. Ni mambo matatu tu. Skwati, chuma kinakaa begani unachuchumaa na kuinuka nacho. Benchi, unalala chali unakisukuma juu. Dedilifti, unakinyanyua kutoka chini mpaka umesimama wima. Kwenye mashindano unapewa majaribio matatu kwa kila moja, linachukuliwa zito kuliko yote, kisha vinajumlishwa. Shirikisho la dunia la mchezo huu, IPF, lipo tangu 1972, na halijawahi kumuuliza mtu kama ana sikspaki.

Jimu yenyewe ni uani kwa mtu. Chuma ni bomba la maji, na pembeni yake ndoo na makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege. Ndoo mbili kubwa kila mtu alijua ni kilo 50 kila moja. Nani aliyezipima? Hakuna, lakini kila mtu alijua. Bomba likahesabiwa kilo 20, kwa sababu kwenye video chuma kitupu ni kilo 20. Jumla 120. Jamaa akapiga dedilifti ya 120, akapost, simu ikalia mpaka asubuhi. Mpaka wale waliosoma naye Majengo wakamkumbuka.

Na ukweli usemwe, kwa wiki sita ratiba ile ilimkubali. Masika alikuwa hana safari, analala mpaka saa mbili asubuhi, kwa mama kuna machalari kila siku na mayai ya kuku wa nyumbani. Mtu anayekula, anayelala na asiye na kazi nyingine ya mwili anaweza kukaa na siku sita kama zimepangwa kwa akili. Yule wa Marekani hakudanganya. Ila maisha aliyokuwa akiyaongelea ni ya kwake.

Mwezi wa sita simu ikaja: Machame, siku saba.

Hapa inabidi kueleza, maana wengi wanaona mlima kwenye picha tu. Mzigo wa kampuni kwa mgumu mmoja hautakiwi kuzidi kilo 20, na getini kuna mizani. Juu ya hapo anaongeza vitu vyake mwenyewe. Siku ya kwanza unatoka geti la Machame, mita kama 1,800, unalala kambi ya mita kama 3,000. Siku zinazofuata unapanda, unashuka, unafunga hema, unafungua hema, unafuata maji. Wageni wanapokwenda kileleni mita 5,895, wagumu wengi wanabaki kambi, halafu siku hiyohiyo wanashusha kutoka Barafu mpaka kambi ya Mweka. Hiyo ni zaidi ya mita 1,500 za kuteremka na mzigo.

Kuteremka ndiko kunakoua. Ukipanda unachoka mapafu, lakini ukishuka paja linageuka breki: msuli unavutika huku umebeba, hatua kwa hatua, masaa. Ndiyo maana mtu akitoka mlimani siku mbili zinazofuata anashuka ngazi kinyumenyume kama bibi.

Jamaa alirudi Moshi Jumamosi. Jumatatu akafungua simu, ratiba ikamwambia skwati nzito. Akapiga. Jumanne benchi, Jumatano dedilifti. Kwenye mvuto wa tatu kiuno upande wa kulia kikakaza kama mtu kafunga kufuli. Akaliachia bomba, ndoo ikapasua sakafu, mwenye nyumba akatoka na maneno yake.

Sasa kiuno cha mgumu siyo kiuno cha mtu wa ofisini. Safari nyingine ilikuwa baada ya siku nane. Getini asubuhi kuna vijana kibao wamesimama na mabegi wakisubiri mmoja apungue. Ukionekana unachechemea tu, nafasi imekwenda, na bakshishi ya wageni imekwenda nayo. Mdogo wake wa kike yuko chuo, ada ya muhula ilikuwa inategemea safari hizo mbili. Halafu eti ameumia akinyanyua zege uani kwa ajili ya kupost. Angemweleza nani akamwelewa?

Aliyemwelewa ni dada mmoja anayeuza mchele na maharage soko la Mbuyuni, mwenye miaka thelathini na kitu. Naye anapiga chuma pale uani, mara tatu kwa wiki, hapigi picha. Wanaume wengi pale hawapendi kupanga foleni nyuma yake, maana ikifika zamu yao inabidi wapunguze. Alimkuta jamaa amekaa kwenye kigoda, akamuuliza kilichotokea.

"Dada, nadhani sijakomaa tu. Ratiba inasema siku sita."

"Mangi, hiyo ratiba inajua ulikuwa Machame?"

Akanyamaza.

"Mimi Jumatatu na Ijumaa napokea magunia. Siku hizo sigusi chuma. Gunia nalo ni zoezi, mdogo wangu, ila hakuna anayelihesabu."

Kesho yake akaja na mizani ya dukani kwake, ile ya kupimia magunia. Watu wakacheka. Ndoo ya kwanza ikawekwa: kilo 41. Ya pili: 38. Bomba, lile la kilo 20, likasoma 8. Ile 120 iliyotikisa kitaa ilikuwa 87. Na upande mmoja ulizidi mwingine kwa kilo tatu, miezi yote hiyo, na yeye alikuwa na kawaida ya kusimama palepale akiangalia ukutani, ndoo nzito kuliani. Kama ndicho kilichomkaza kiuno au la, hakuna wa kuapa, lakini kila aliyekuwepo aliangalia ile ndoo halafu akamwangalia yeye.

Usicheke sana. Mtu anayepimiwa mzigo getini na kugoma kilo moja ikizidi alikuwa anabeba asichokijua uani kwa hiari yake. Na ratiba yoyote ya pawalifti ni hesabu. Ukidanganya namba ya kwanza, zote zinazofuata ni uongo uliopigiwa mahesabu.

Kiuno kikaachia taratibu, safari ile akaenda, akarudi mzima. Ndipo wakakaa na dada kuchagua upya. Kuna ratiba ya siku tatu ya Mark Rippetoe, kile kitabu cha Starting Strength: skwati kila siku ya mazoezi, seti tatu za mara tano, dedilifti seti moja tu ya mara tano, na kila ukirudi unaongeza kidogo. Ni nzuri kwa anayeanza, na ukweli ni kwamba kwa kilo 87 yeye alikuwa anaanza. Shida, skwati mara tatu ndani ya wiki moja kwa mtu aliyetoka kushuka Mweka ni kutafuta ugomvi. Kuna ya Jim Wendler, 5/3/1, siku nne, kila siku nyanyuo moja kubwa. Raha yake ni kwamba hauanzii kwenye rekodi yako, unaanzia asilimia 90 yake. Kwa dedilifti ya 87 hiyo ni kama 78, na wiki ya kwanza seti nzito ni asilimia 85 ya hiyo 78, kama kilo 66. Kwa mtu aliyezoea kusema 120, kuandika 66 kwenye daftari kunauma kuliko kiuno.

Alichagua namna ya tatu, na pengine ndiyo akili kuliko zote kwa mtu wa kazi yake: aliachana na kalenda. Mgumu hana Jumatatu. Ana siku za mlimani na siku za mjini, na anayepanga ni simu ya mtu wa kampuni. Kwa hiyo akagawa mazoezi mafungu matatu, A, B na C. A ni skwati na benchi nyepesi, B ni benchi nzito na kuvuta, C ni dedilifti. Yanakaa foleni. Akiwa mjini anachukua linalofuata, kati ya moja na jingine siku moja ya kupumzika au mbili. Akienda mlimani foleni inasimama palepale. Akirudi, siku tatu hagusi kitu, na la kwanza analipiga kwa uzito mdogo hata kama anajisikia simba. Masika yakirudi na wageni wakiisha, ndipo atajaribu siku nne. Zile sita amezifuta kwenye simu.

Ndoo ya 38 imeongezewa zege mpaka ikalingana na mwenzake, na sasa kila kopo limeandikwa kilo zake kwa rangi nyekundu. Washkaji watatu wamehama jimu, wanasema dada kaharibu vyuma. Ile video ya 120 alikaa nayo wiki nzima akiitazama, kisha akaandika chini yake: "Tumepima, ni 87." Wengine wakamchana, wengine wakauliza mizani ile inakodishwa shilingi ngapi.

Mwishoni mwa mwezi wa nane alivuta 95, za mizani. Keshokutwa yake akaitwa Marangu, siku sita. Foleni imesimama kwenye A.