Irabu Tano na Kabati la Kioo

Wengi wetu tukishuka kwenye stesheni ya treni iitwayo Museum, hapa Toronto, huelekea moja kwa moja kwenye jumba kubwa la makumbusho. Safari hii, katika likizo ya shule ya Machi, tuliziacha nyuma zile nguzo za stesheni zilizopambwa mwaka 2008 kwa sura za Misri, Uchina na kwingineko (Afrika Mashariki haikupata nguzo, tumeshazoea) tukaenda upande wa Chuo cha Victoria. Chuo Kikuu cha Toronto kina mkusanyo wa vyombo vya kale vya sayansi, na tulikuwa tumesikia kwamba baadhi yake vimewekwa kwenye makabati ya vioo.

Binti yetu ana miaka tisa na anapenda mashine. Sisi wazazi tulikuwa na letu moyoni. Wiki moja kabla, bibi yake aliyeko Tanga alikuwa mgonjwa wa mguu. Tulimpa mtoto simu ampe bibi pole. Akasema, kwa ulimi wake wa Toronto, "Pouli sana, Bibi." Upande wa pili kukawa kimya, kisha bibi akauliza kwa hofu: "Polisi? Polisi wamewafanya nini?" Tulicheka wote, mtoto pia. Usiku hatukucheka.

Kilichotuvuta ni kazi za Rudolph Koenig. Mtu huyu alizaliwa Königsberg mwaka 1832, akaenda Paris kujifunza kuunda fidla, kisha akageukia vyombo vya kuchunguza sauti. Mwaka 1878 Profesa James Loudon alinunua kwake vyombo vingi kwa ajili ya maabara ya fizikia ya Toronto. Kuna tufe za shaba zenye tundu mbili: tundu dogo unalitia sikioni, na tufe huitikia sauti moja tu, nyingine zote hazisikiki vizuri. Kuna pia kifaa chake cha moto. Unasema kwenye bomba, utando mwembamba unatikisika, gesi iliyo nyuma yake inasukumwa, na mwali mdogo unacheza. Kioo cha pande nne kinachozunguka huutandaza mwali ule uonekane kama utepe wenye meno. Kila irabu na meno yake. Zamani hizo, kabla ya umeme kuingia katika kazi hii, mtu aliweza kuiona "a" kwa macho.

Koenig aliamini kwamba irabu zimepangwa kama ngazi. "U" iko chini, kwenye mitetemo kama 225 kwa sekunde, "o" mara mbili yake, "a" mara mbili tena, kisha "e", mpaka "i" iliyo juu kabisa, karibu 3,600. Baadaye ilibainika kwamba mambo si mepesi hivyo, maana irabu moja hubeba mwangwi zaidi ya mmoja. Lakini tazama hesabu yake: u, o, a, e, i. Ni zetu zote tano, wala hakuna ya ziada! Tulisimama pale tukijiona kama tumekuta jamaa ugenini.

Vyombo havichezewi, kwa hiyo hapakuwa na moto wa kuonyesha. Binti akasogea akaitumia kabati yenyewe kama kioo. Akasema "o" ya Kiingereza, akaona midomo yake ikisogea na kufunga mwishoni. "Inatembea," akasema. Tukamwambia ya Kiswahili haitembei, inakaa pale ilipozaliwa. Akajaribu. Pumzi ikaacha ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa koti, akajaribu tena. Halafu "e," ambayo ilimsumbua zaidi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anapita alitutazama, akaendelea na safari zake.

Saa sita mchana huku, Tanga ni saa moja jioni. Tulipiga simu tukiwa nje, kwenye baridi, kabla hajasahau.

"Shikamoo, Bibi. Pole na mguu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Kimya kidogo. "Nimeshapoa. Hebu sema tena."

Akasema tena. Bibi akataka na ya tatu.