Nikimwita Haitiki



Mwaka jana nilijaaliwa kumzuru dada yangu aishiye Chicago, Marekani, ambako ameolewa na kulea wanawe kwa zaidi ya miaka 20. Siku ya tatu, baada ya kuondoa sahani za chakula cha mchana, aliketi mbele yangu akaniambia: "Kaka, wewe ndiwe mjomba wake. Zungumza naye kabla hujaondoka. Mimi nikimwita haitiki. Namwita mara ya pili, mara ya tatu, amenipa mgongo. Simu zangu hapokei. Ule muziki wake umemtia jeuri." Kisha akalia.

Aliyemkusudia ni kitinda mimba wake, kijana wa miaka 26, ambaye alipoletwa Mombasa utotoni alihifadhi juzuu tatu mbele yangu. Sasa ni fundi wa sauti katika kilabu kidogo cha muziki. Nilimpigia, hakupokea, aliniandikia kwamba yuko kazini usiku ule, na nikiwa na haja naye nimfuate huko huko.

Najua msomaji atauliza: sheikh na kilabu, wapi na wapi? Nami nilijiuliza. Mahali panapouzwa pombe si mahali petu, na sitaki mtu ayafanye maandishi haya kuwa ruhusa. Lakini kuunga udugu ni wajibu. Nilisali Isha, nikanuia kumwendea mpwa wangu wala si kustarehe, nikavaa koti juu ya kanzu, nikaenda. Sikuketi. Nilisimama ukutani, kando ya meza yake ya mitambo, mbali na kaunta.

Chumba chenyewe hakikuzidi msikiti mdogo wa mtaani: kuta nyeusi, dari fupi, watu kiasi cha mia moja. Alinipokea kwa adabu, akaubusu mkono wangu. "Shikamoo, mjomba." Kabla hata ya kuulizana hali, alinitilia kiganjani vizibo viwili vya sponji, akanionyesha jinsi ya kuviminya na kuvitia masikioni.

Kisha wakaanza. Mnaijua ile sauti ichomayo, maikrofoni ya msikitini inapoikaribia spika, sote tukakunja nyuso? Kwetu ile ni hitilafu. Kwao ndio wimbo wenyewe. Huyasogeza magitaa karibu na spika makusudi, sauti ikajirudia na kujirudia hadi ikawa mlio mmoja mrefu. Ngoma ziligonga kifuani mwangu kama mtu abishaye hodi kwa hasira. Mwimbaji hakuimba, alipiga mayowe. Nilitazamia fujo na mshikamano wa wanaume na wanawake. Nilichoona ni watu wamesimama, vichwa wameviinamisha, kila mmoja peke yake ndani ya kelele ile. Mezani palikuwa na kipimo chenye tarakimu nyekundu: 103, 105, 104.

Walipopumzika tulitoka nje barabarani. Alinieleza kwamba mji ule ni mmoja wa makazi ya muziki huo tangu miaka ya 1980, akanitajia Steve Albini wa kundi la Big Black na baadaye Shellac, aliyefariki mwaka 2024. Alimsifu kwa jambo moja: katika kurekodi kazi za wengine alitaka ujira wa kazi yake tu, kama fundi mwingine yeyote, wala hakukubali fungu katika mauzo yao. Nilimwambia hiyo ni sifa njema popote ionekanapo.

Nikatambua kitu. Kila niliposimama kushoto kwake, alizunguka ili niwe kuliani. Mara mbili, mara tatu. Nikanyamaza kidogo, kisha nikiwa nyuma ya bega lake la kushoto nikalitaja jina lake, kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka.

Nilimshika mkono. Alinitazama, akajua kwamba nimejua.

Alianza kuhudhuria kelele zile akiwa na miaka 17, bila vizibo. Sikio la kushoto limekufa nusu, na lina uvumi usionyamaza usiku wala mchana. Simu haielewi vizuri, ndiyo sababu huandika. Alinifundisha hesabu aliyoijua akiwa amechelewa: desibeli 85 mtu huzistahimili saa 8, kila zikizidi 3, muda hukatwa nusu, zikifika 100, ni dakika 15. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 kila upande, na zikifa hazioti tena.

"Kwa nini hukumwambia mamako?"

"Ataniambia Mungu ameniadhibu."

Sikuweza kumjibu, kwa kuwa neno hilo hilo lilikuwa ulimini mwangu.

Nikamkumbuka mtoto mmoja wa madrasa yangu, miaka mingi iliyopita. Aliketi nyuma, nikimwita haitiki. Nilimchapa kwa kiburi chake. Baada ya majuma mawili bibi yake alikuja kunieleza kwamba masikio yake yalikuwa yakitoa usaha. Nilimwomba radhi bibi. Mtoto sikumwomba.

Asubuhi kijana alikuja nyumbani. Nilimwachia aseme mwenyewe. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, hakutaja adhabu. Aliinuka alipokuwa ameketi, akahamia upande wake wa kulia, akamwita jina la utotoni kwa sauti ndogo. Akaitika, "Labeka, mama."

Kazi hajaiacha, nami bado namwombea riziki mahali pengine. Lakini amekwenda kwa daktari, na vizibo havimtoki. Naandika haya kwa idhini yao wote wawili.

Ndugu zangu, akina mama hasa: mtoto asipoitika, mpelekeni akapimwe masikio kabla ya kumpima adabu. Na tusiicheke Chicago. Harusi zetu za usiku spika hupangwa mbele ya viti vya watoto wachanga, na maulidi yetu mengine husikika mtaa wa tatu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa sauti katika kumbi usizidi desibeli 100. Ni mara ngapi tumemwambia mwenye mitambo apunguze? Luqman alimwusia mwanawe ashushe sauti. Wasia ule ni wetu kabla ya kuwa wa wengine.

Yule mtoto wa madrasa sasa ni mtu mzima, ana duka Likoni. Juma lijalo, inshallah, nitavuka kwa feri.